Waya wa Kiwambo: Uchaguzi Usiofaa Kuachiwa Muuzaji

Miongoni mwa mambo madogo yanayoligharimu taifa bila ya kuonekana katika vitabu vya hesabu ni ule waya unaoiunga kompyuta na kiwambo chake. Kompyuta inaponunuliwa huulizwa kasi yake, ukubwa wa kumbukumbu yake na bei yake. Waya hauulizwi. Kiwambo hufika shuleni Kibosho au Rombo, hutolewa katika sanduku lake mbele ya wanafunzi waliokingoja kwa hamu, na hapo ndipo hugunduliwa kwamba tundu lake halilingani na lile la kompyuta. Vyombo viwili vizima huwekwa stoo kama vibovu. Mwalimu aliyeko Marangu itambidi ashuke hadi Himo, na kutoka Himo hadi Moshi mjini, akatafute kipande cha waya ambacho hana hakika ya jina lake. Na muuzaji naye humpa kile alicho nacho.

Hali hiyo haitokani na ujinga wa mwalimu wala hila ya muuzaji. Inatokana na ukweli kwamba viwango vya kuunganisha viwambo vimekuwa vingi, vimefuatana upesi, na hapana chombo cha umma kilichojitwika kazi ya kumweleza mnunuzi tofauti zake. Mahali palipoachwa wazi pamejazwa na methali ya dukani, kwamba HDMI ndiyo ya kisasa na VGA ni ya zamani. Methali hiyo ina ukweli nusu, na nusu ya ukweli katika ununuzi wa umma ni ghali.

Historia ya jambo hili hapa nchini ni fupi, na ina mkunjo wake. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mitambo hiyo kuleta matatizo katika hesabu za Serikali, ulipigwa marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake pasipo kibali maalumu. Televisheni nazo ziliingia katika katazo hilo, ijapokuwa Zanzibar ilikuwa imekwisha kuanza kurusha picha za rangi mwaka 1973. Katazo hilo halikuondolewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika kipindi hicho kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa viwango vitatu mfululizo: CGA mwaka 1981, EGA mwaka 1984, na VGA mwaka 1987. Tanzania Bara, isipokuwa ofisi chache zilizopata kibali, haikuvionja sana viwili vya mwanzo. Lango lilipofunguliwa, VGA ilikwisha kuwa lugha ya dunia nzima. Ndiyo maana kwa mafundi wengi wa Moshi na kwingineko, maneno "waya wa monita" yalikuwa kwa miaka mingi na maana moja tu: ule wenye kichwa cha buluu, pini 15 zilizopangwa katika safu tatu, na skurubu mbili za kukazia.

Msomaji aliyezoea kusikia kwamba dijitali ndiyo mpya na analojia ndiyo ya kale atashangaa kujua kwamba CGA na EGA zilikuwa za dijitali. CGA ilitumia nyaya nne za rangi, kila waya ukisema ndiyo au la, na kwa hiyo haikuweza kuonyesha rangi zaidi ya 16. EGA ilitumia nyaya sita, ikafika rangi 64. Kuongeza rangi kwa njia hiyo kungehitaji kuongeza nyaya bila ya kikomo. Wahandisi wa VGA wakageuka nyuma, wakachukua njia ya analojia: nyaya tatu tu, nyekundu, kijani na buluu, lakini kila mmoja ukipitisha umeme mwingi au kidogo kwa kadiri ya mwanga unaotakiwa. Kwa nyaya hizo tatu walipata rangi 262,144 za kuchagua. Yalikuwa maendeleo makubwa, na hayakuwa ya kudharauliwa.

Tofauti ya njia hizi mbili inaeleweka vizuri mno kwa mtu aliyezaliwa katika miteremko ya Kilimanjaro. Katika mfongo, yaani mfereji wa kienyeji unaoshusha maji kutoka msituni hadi katika migomba, ujumbe ni kiasi cha maji chenyewe. Maji yakinywewa na udongo njiani, au yakiongezwa na mvua, mwenye shamba la chini hana njia ya kujua ni kiasi gani kilichofunguliwa huko juu. Anayapokea kama yalivyofika. Waya wa VGA ni mfongo. Volti sifuri ni giza, sehemu saba za kumi za volti ni mwanga kamili, na kila kiasi kilicho katikati kina mwanga wake. Mwanga huo ukigawanywa katika ngazi 256, kama ilivyo kawaida, ngazi moja inatofautiana na ya pili yake kwa chini ya milivolti tatu. Kiasi hicho ni kidogo sana. Umeme unaovuja kutoka taa za mrija, au tofauti ya waya wa ardhi kati ya chumba na chumba, waweza kukizidi kwa urahisi.

Jani la isale halifanyi kazi hivyo. Mchagga aliyekosa akipeleka isale kuomba msamaha, jani hilo laweza kufika likiwa bichi au limenyauka, zima au limechanika ncha; mpokeaji akilitambua tu kuwa ni isale, ujumbe umefika wote. Wala likiharibika hata lisitambulike hapana nusu ya msamaha. Ndivyo yalivyo mawasiliano ya dijitali: kipokezi hakiulizi umeme ni kiasi gani, bali huuliza swali moja tu, je, hii ni moja au ni sifuri? Picha ya kawaida ya siku hizi, yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, hubadilishwa mara 60 kwa sekunde, na kila nukta huhitaji tarakimu 24 za aina hiyo. Jumla yake ni karibu tarakimu bilioni tatu kwa sekunde, na waya mzuri wa mita mbili huzifikisha zote pasipo kupoteza hata moja.

Yafaa tabia hii ya dijitali ielezwe pande zote mbili, maana wauzaji husifu upande mmoja tu. Mfongo ukibomoka kidogo, maji hupungua lakini mgomba haufi siku ile. Waya wa VGA ulioharibika nao humwambia fundi ugonjwa wake. Waya wa buluu ukikatika, karatasi nyeupe huonekana ya manjano na bahari katika ramani huwa nyeusi. Wa kijani ukikatika, nyeupe hugeuka kuwa zambarau. Ukikatika mwekundu, uso wa mtu huwa kama wa mzuka, lakini somo laweza kuendelea hadi kengele ilie. Waya wa dijitali ukichoka huonyesha kwanza vimulimuli vya nukta zinazorukaruka, kisha giza tupu, na giza halisemi kama kosa ni la waya, la tundu, la kiwambo au la kompyuta. Fundi asiye na waya wa akiba wa kujaribia hana pa kuanzia.

Pamoja na hayo, mtu asidhani kwamba ubovu wa picha ya VGA ni kasumba ya wenye fedha. Katika picha ya ukubwa uliotajwa, nukta moja hupita katika waya kwa muda wa nanosekunde saba hivi. Umeme katika waya husafiri kiasi cha sentimeta 20 kwa kila nanosekunde. Basi waya wa mita 10, kama ule unaokwenda kwenye projekta ya ukumbi, huwa na nukta saba au nane safarini kwa wakati mmoja. Ikiwa kichwa cha waya hakikuungwa vizuri, sehemu ya umeme hugonga mwisho na kurudi, hugonga tena mwanzo, kisha hufika kwenye picha ikiwa imechelewa kwa nanosekunde 100. Hapo kila herufi huwa na kivuli chake hafifu upande wa kulia, umbali wa nukta 15. Wengi wamekiona kivuli hicho katika kumbi za mikutano na kudhani kuwa macho yao yamechoka.

Liko tatizo jingine la VGA ambalo halikuwako ilipobuniwa. Viwambo vya kioo kinene vya wakati ule vilichora picha kwa mwale unaofagia, na havikujali nukta moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Viwambo bapa vya sasa vina nukta zake zenyewe zilizopangwa kama mbegu katika matuta. Lakini waya wa VGA haupeleki saa ya kuhesabu nukta. Kwa hiyo kiwambo bapa hulazimika kukisia, na kikikosea kidogo maandishi hutetemeka au huwa na ukungu. Tiba yake haina gharama: ni kubonyeza kitufe cha kujirekebisha chenyewe, ambacho aghalabu kimeandikwa "Auto", huku picha iliyojaa maandishi ikiwa mbele. Ni jambo la kusikitisha kwamba watoto hukaza macho muhula mzima mbele ya kiwambo ambacho kingeponywa kwa kidole.

Viwango vilivyofuata vilikuja kuondoa dosari hizo. DVI ilitolewa mwaka 1999 na kundi la makampuni yaliyoongozwa na Intel. Ni kiwango cha mpito, na kina jambo moja la kukumbuka: tundu la aina ya DVI-I lina pini za analojia pia, na kiunganishi rahisi cha bei ndogo hulifanya kuwa VGA, la aina ya DVI-D halina, na kiunganishi hichohicho hakitafanya lolote. Matundu hayo mawili hufanana mno. Tofauti ni pini nne zinazozunguka ule mkato bapa wa pembeni.

HDMI ilikuja mwishoni mwa mwaka 2002. Waasisi wake walikuwa watengenezaji wa televisheni, wakiwamo Sony, Panasonic, Hitachi, Toshiba na Philips, na jambo hilo laeleza tabia yake yote. Iliichukua DVI, ikaipunguza umbo hadi pini 19, ikaongeza sauti katika waya uleule, na ikaweka mlango wa kufuli iitwayo HDCP inayozuia filamu kunakiliwa. Kwa sebule ni kiwango kizuri kupita vyote. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Kilimanjaro mwaka 2013, ving'amuzi viliingia majumbani, na waya wa HDMI ukaingia navyo. Ndiyo sababu jina lake linajulikana hadi sokoni, na ndiyo sababu ukienda kuomba waya wa kiwambo utapewa huo kabla hujamaliza sentensi.

DisplayPort ilitolewa mwaka 2006 na VESA, chama cha viwango vya vyombo vya kuonyeshea picha. Hii ilibuniwa na watu wa kompyuta kwa ajili ya kompyuta. Ina pini 20 na ndoana ndogo inayoshika ili waya usichomoke kwa kusukumwa na goti. Hupeleka habari katika vifurushi, kama barua zilizotiwa katika bahasha, badala ya mkondo mmoja usiokatika. VESA haiwatozi watengenezaji mrabaha kwa kila chombo, ilhali wenye HDMI hutoza ada ya mwaka pamoja na senti chache kwa kila kinachouzwa. Senti chache si hoja kwa mnunuzi mmoja. Hoja ni nani mwenye ufunguo. Mwezi Februari 2024 ilifahamika kwamba wasimamizi wa HDMI walikataa pendekezo la kampuni ya AMD la kutoa hadharani programu ya kuendeshea toleo la 2.1 la kiwango hicho katika mfumo wa Linux. Shule inayotumia Linux ili kuepuka gharama za leseni haina budi kulifahamu hilo, hata kama kwa picha za kawaida haitaguswa nalo leo.

Kisha kuna USB-C ya mwaka 2014, tundu dogo la mviringo lenye pini 24 ambalo laweza kubeba umeme, habari na picha kwa pamoja. Picha inayopita humo mara nyingi ni DisplayPort iliyovaa vazi jingine. Tatizo lake ni kwamba si kila tundu la USB-C lina uwezo huo, na kwa macho hayatofautiani. Umoja wa Ulaya umeilazimisha USB-C kuwa tundu la kuchajia simu tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa kompyuta za mapajani kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Mkondo wa vyombo vilivyotumika utokao huko utafuata sheria hiyo baada ya miaka michache. Na China nayo haijalala. Mwaka 2025 muungano wa makampuni ulioko Shenzhen ulitangaza kiwango chake, GPMI. Kwa nchi inayonunua sehemu kubwa ya vyombo vyake huko, tangazo hilo lastahili kusomwa na wanunuzi, si na wapenzi wa televisheni tu.

Jambo linalowaumiza wanunuzi kuliko yote, na ambalo halitajwi katika matangazo, ni mwelekeo. Watu hudhani waya wenye kichwa cha aina moja huku na aina nyingine kule ni kama bomba, kwamba waweza kugeuzwa. Sivyo. Kompyuta yenye tundu la DisplayPort aghalabu hutambua kwamba imeunganishwa na kiwambo cha HDMI au DVI, nayo hubadili lugha ili isikilizane na mgeni. Kwa hiyo waya rahisi hutosha. Lakini kompyuta yenye HDMI haijui lugha ya DisplayPort, na kiwambo cha DisplayPort hakijui HDMI. Waya uleule ukigeuzwa ni kamba tu. Panahitajika mkalimani katikati, chombo chenye umeme wake, ambacho ni ghali zaidi na ni adimu zaidi. Vivyo hivyo kutoka HDMI kwenda VGA: lugha ya tarakimu haigeuki kuwa ya volti kwa kuunganisha shaba na shaba. Nyaya nyembamba zinazouzwa zikiwa na kichwa cha HDMI upande mmoja na cha VGA upande wa pili, pasipo kijisanduku chochote cha kugeuzia ndani yake, hazifanyi kazi na kompyuta ya kawaida hata siku moja. Fedha za wananchi zinazotumika kuzinunua zimetupwa korongoni.

Kutokana na hayo, hukumu juu ya viwango hivi haiwezi kuwa ileile ya dukani. Upande wa kompyuta, DisplayPort ndiyo inayostahili kutakiwa kwanza katika ununuzi wa umma, kwa kuwa ndiyo inayowasikiliza wengine. Chombo chenye DisplayPort huoana na kiwambo cha HDMI au DVI kwa kiunganishi cha gharama ndogo, na cha VGA kwa mkalimani. Upande wa kiwambo na projekta, HDMI haiepukiki, na haifai kuepukwa, kwa sababu kila televisheni na kila king'amuzi kinaijua. Kiwambo kipya kisicho na angalau matundu mawili ya aina tofauti kisingepaswa kukubaliwa na shule yoyote, hata kiwe rahisi namna gani. USB-C na itakiwe pale tu ambapo muuzaji ameandika kwa maneno kwamba inapitisha picha.

Na VGA? Wako wanaosema itupwe yote. Mwezi Desemba 2010 makampuni ya Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG yalitangaza kwamba yangeiacha ifikapo mwaka 2015, na kwa hiyo, husema watu hao, kuendelea nayo ni kung'ang'ania kaburi. Hoja hiyo inasahau kwamba kiwambo bapa chenye VGA, kikiunganishwa kwa waya mfupi na mzito, kinamtosha kabisa mwanafunzi anayejifunza kuandika barua au kupanga hesabu za chama cha ushirika. Kukitupa ni kutengeneza taka zenye risasi na kemikali nyingine, na miteremko ambayo maji yake hunywewa na mamia ya maelfu ya watu huko chini si mahali pa kuzitupia. VGA na itumike hadi viwambo vyenyewe vife. Kisichofaa ni kununua kiwambo kipya ambacho kina VGA peke yake. Viwambo vya namna hiyo bado vyaweza kupatikana, na urahisi wake ndio mtego.

Pako mahali pamoja ambapo huruma hiyo kwa VGA haina nafasi. Ni hospitalini. Moshi ni mji wa wagonjwa wanaotoka mbali. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea watu wa mikoa yote ya kaskazini. Daktari anayetafuta ufa mwembamba katika mfupa, au kivuli kidogo katika pafu, anatafuta tofauti ya ngazi chache za kijivu. Imekwisha kuelezwa kwamba katika VGA ngazi moja ni milivolti tatu kasoro. Picha ya eksirei ambayo imetoka katika mashine ikiwa ya tarakimu, ikageuzwa kuwa volti ili ipite katika waya, kisha ikageuzwa tena kuwa tarakimu ndani ya kiwambo bapa, imepita mikono miwili isiyo ya lazima. Zahanati au kituo cha afya kinachopewa msaada wa kiwambo kwa kazi hiyo kina haki ya kuuliza kina tundu gani kabla ya kushukuru.

Suala la msaada linahitaji neno lake. Shule nyingi za miteremko hii zina marafiki nje ya nchi, kutokana na makanisa, na wapanda mlima waliorudi kwao na moyo wa kusaidia. Wema huo haupaswi kukejeliwa. Lakini kompyuta 20 zinazofika bila ya nyaya zake ni mzigo, kwa sababu waya ni kile ambacho mtoaji hukiona kuwa hakina thamani na mpokeaji hukikosa kuliko vyote. Barua ya kukubali msaada iwe na mstari unaotaja aina ya tundu la kila kompyuta, aina ya tundu la kila kiwambo, na idadi ya nyaya, zikiwamo mbili za akiba kwa kila kumi. Mstari huohuo waweza kuwekwa katika zabuni za umma zinazopitia mfumo wa NeST. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, lina uzoefu wa kukagua ubora wa vitu vingi kuanzia saruji hadi nyaya za umeme wa majumbani; waraka wa kurasa nne kwa Kiswahili juu ya nyaya za viwambo haungelilemea.

Pingamizi la haki ni kwamba waraka huchakaa. Kiwango cha HDMI pekee kimepanda kutoka uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde mwaka 2013 hadi 48 mwaka 2017 na 96 mwaka 2025, na mtu aweza kusema kwamba anayeandika mwongozo leo anaandika juu ya maji. Hata hivyo mahitaji ya darasa hayakupanda kwa mwendo huo. Picha ya nukta 1,920 kwa 1,080 iliwezekana kwa HDMI ya kwanza kabisa, na ndiyo itakayotosha kwa jedwali, ramani na somo la lugha kwa muda mrefu ujao. Mwuzaji anayemwambia mwalimu mkuu kwamba shule inahitaji waya wa toleo jipya kabisa kwa viwambo vya inchi 19 anauza sifa. Waya wa zamani ulio mzima hupeleka tarakimu zilezile, na picha haing'ari zaidi kwa waya kupakwa dhahabu; dhahabu huzuia kutu tu, faida ambayo katika ukungu wa Machame si ndogo, lakini si ya rangi.

Mahali pa kuanzia papo. VETA ina chuo mjini Moshi, na mji una Chuo Kikuu cha Ushirika pamoja na shule ya ufundi. Meza moja yenye kompyuta ya kila aina, kiwambo cha kila aina, na sanduku la nyaya zilizoandikwa majina, ingemwezesha mwalimu kuja na chombo chake Jumamosi, akajaribu, na akarudi akijua anunue nini. Jambo la kwanza la kufundishwa mezani hapo ni kutambua matundu kwa umbo. Kompyuta nyingi za mezani zilizotumika maofisini, zinazofika hapa zikiwa imara, zina tundu la VGA na pembeni yake moja au mawili ya DisplayPort. Asiyelijua hulidhania kuwa ni HDMI iliyopinda, akalisukumia plagi ya HDMI hadi likavunjika. HDMI ina pembe mbili za chini zilizokatwa, kushoto na kulia. DisplayPort imekatwa pembe moja tu.